Tulikwenda Kufundisha, Jumamosi Tukafundishwa

Hotuba ya wanachuo wawili wa ualimu waliofanya mafunzo kwa vitendo mjini Leipzig, Ujerumani, iliyotolewa mbele ya kamati za maendeleo za sharika na wafadhili

 

Tunapenda kuanza kwa kutoa shukrani za dhati. Kuanzia mwanzoni mwa Aprili hadi katikati ya Juni 2024 tulikuwa katika shule ya sekondari mjini Leipzig, tukifundisha somo la Kiingereza na kusaidia katika Jiografia. Nauli, bima, posho na maombi vyote vilitoka kwenu. Taarifa ya kazi ya darasani mmeshaipokea kwa maandishi. Leo tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo katika taarifa ile lilichukua mstari mmoja tu: siku za Jumamosi na Jumapili.

Tunajua kwa nini tumeombwa. Tulipowasilisha hesabu, mzee mmoja wa kamati aliweka kidole kwenye mstari uliosomeka "usafiri, pamoja na mwisho wa wiki, Euro 294". Akauliza, "Wanangu, mlikwenda kufundisha au mlikwenda kutembea?" Kisha akahesabu risiti, akauliza la pili: "Tiketi zilipaswa kuwa sita. Mbona naona tano?"

Hakuuliza kwa ubaya. Fedha zile ni sadaka. Nyingine zimetoka kwa mama aliyeuza ndizi soko la Kiboriloni, nyingine kwa mstaafu wa Ujerumani anayekatwa kidogo kidogo kila mwezi. Mwenye kutoa sadaka ana haki ya kujua imekwenda wapi. Kwa hiyo leo tutajibu maswali yote mawili, na tunaanza na la risiti kwa sababu ndilo gumu.

Risiti ya sita

Ujerumani kulikuwa na tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023. Mwaka tuliokuwa huko iliuzwa Euro 49. Ukiwa nayo unapanda tramu, mabasi na treni za kawaida nchi nzima, isipokuwa zile treni za mwendo kasi. Shirika lilitupa fedha za miezi mitatu kila mmoja: Aprili, Mei na Juni. Mara mbili tatu ni sita, na sita mara Euro 49 ni Euro 294. Tiketi hununuliwa kwa kupitia benki, hivyo mama mwenyeji wetu ndiye aliyekuwa akinunua, nasi tunamrudishia fedha mkononi.

Mwezi wa Aprili mmoja wetu alimwambia mama yule kwamba yeye haihitaji tiketi, anapenda kutembea kwa miguu. Haikuwa kweli. Wiki ile alikuwa amepigiwa simu kutoka nyumbani kwamba mdogo wake angerudishwa kutoka chuo cha ufundi kwa ajili ya ada. Alizituma Euro 49 nyumbani. Hatutasema ni nani kati yetu, kwa maana mwingine alijua akanyamaza, na kunyamaza kwake ni sehemu ya kosa lile lile.

Basi mwezi wa kwanza mmoja alikwenda shule kwa miguu, dakika arobaini asubuhi na dakika arobaini jioni, na baridi ya Aprili si ya mchezo kwa mtu aliyezoea Moshi. Mwenye tiketi naye hakuweza kusafiri amwache mwenzake. Jumamosi mbili za mwanzo tulikaa chumbani. Tulifua, tulipanga maandalio ya masomo, tulilala. Tukaanza kuwaza nyumbani kuliko kazi. Siku za Jumatatu wanafunzi walituuliza tumefanya nini mwisho wa wiki, nasi hatukuwa na la kusema.

Mama mwenyeji aligundua siku moja ya mvua, alipomkuta mwenzetu barabarani, viatu vimejaa maji. Alimpandisha gari bila neno. Jioni alituita mezani akauliza, na tukamwambia ukweli. Hakutukemea. Alisema tu kwamba shida ya nyumbani ni shida ya kweli, lakini fedha iliyotolewa kwa jambo moja haiwezi kufanya jambo lingine bila mtoaji kuambiwa. Maneno hayo hata hapa kwetu wazee wangeyasema.

Wazee wetu, tiketi ya sita haikununuliwa. Fedha zake tumeshazirudisha kwa mhasibu wa shirika kutoka katika akiba yetu, sehemu sawa kila mmoja, na stakabadhi tunayo hapa. Tunaomba radhi.

Bustani iliyoanzia shuleni

Jumamosi ya tatu mama yule alisema, "Mahali pa kwanza pa kwenda hapahitaji tiketi." Akatuchukua kwenye bustani yake, kipande kidogo kilichozungushiwa ua wa miti, kati ya mamia ya vipande vingine kama hicho pembezoni mwa mji. Kila familia ina kibanda chake, vitunguu, viazi, maua na mti mmoja au miwili ya matunda. Kwa mtoto wa Kilimanjaro lilikuwa jambo la kuchekesha kidogo. Sisi tuna kihamba, wenzetu wana kitu mfano wa kihamba kinachotosha upana wa sebule. Lakini siku ile tulishika jembe, na kwa mara ya kwanza tangu tufike mikono yetu ilijua la kufanya.

Hapo tulielezwa historia ambayo mwalimu yeyote angependa kuijua. Mwaka 1864 mkuu wa shule mmoja wa Leipzig, Ernst Innocenz Hauschild, alianzisha chama pamoja na wazazi ili watoto wa mji wenye viwanda vingi wapate uwanja wa kuchezea. Chama hicho alikipa jina la daktari Moritz Schreber, aliyekuwa amefariki. Baadaye mwalimu aitwaye Heinrich Karl Gesell aliwalimia watoto vitalu pembeni mwa uwanja ili wajifunze kupanda. Watoto walichoka upesi, magugu yakaota, wazazi wakaingia kupalilia. Hatimaye wazazi ndio wakawa wakulima, vitalu vikawa bustani za familia, na mpaka leo Wajerumani wanaziita kwa jina la Schreber.

Tulicheka sana, maana tunalijua shamba la shule ambalo likizo ikifika hubaki na mlinzi na magugu. Lakini tuliona pia kwamba shamba lile lilipona kwa sababu wazazi walijiona ni wenye mali.

Sanduku la sadaka la Halle

Mwezi wa Mei tulikuwa na tiketi mbili. Safari ya kwanza ilikuwa Halle, karibu sana na Leipzig kwa treni. Tunaomba wajumbe wa kamati za fedha wasikilize sehemu hii vizuri.

Mwaka 1695 mchungaji August Hermann Francke alikuwa na usharika maskini huko Glaucha, nje ya Halle ya wakati ule. Aliweka sanduku la sadaka nyumbani kwake. Siku moja alikuta mtu ametia taler 4 na groschen 16. Haikuwa fedha ya kujenga kitu, lakini yeye aliiona kuwa mtaji wa kutosha wa kuanzisha shule ya watoto maskini. Alinunua vitabu, akamwajiri mwanafunzi mmoja maskini awafundishe watoto kwa saa mbili kila siku. Vitabu vilivyogawiwa, vingi havikurudi. Francke hakufunga shule. Alinunua vingine. Mwaka 1698 liliwekwa jiwe la msingi la jengo kubwa la yatima, na alipofariki mwaka 1727 shule zile zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000.

Majengo yapo hadi leo. Tuliingia chumba cha juu darini ambako kuna makabati ya vitu vya kufundishia vilivyokusanywa tangu enzi hizo: konokono, mawe, mifano ya mashine, na mamba mkavu ananing'inia kutoka kwenye dari. Francke alitaka mtoto aone kitu chenyewe, asiishie kukariri jina lake. Sisi tumesoma chuoni juu ya zana za kufundishia, na tumejibu maswali yake katika mtihani. Pale tuliona watu waliolifanyia kazi jambo hilo zaidi ya miaka mia tatu iliyopita.

Na mwalimu wa kwanza wa shule ile alikuwa mwanafunzi maskini, kama sisi. Tulirudi katika treni tukiwa kimya.

Kanisa lililo wazi na kanisa lililojengwa upya

Jumapili moja tulisali Nikolaikirche, katikati ya Leipzig. Tangu mwaka 1982 watu walikusanyika humo kila Jumatatu kuomba amani, wakati Ujerumani Mashariki ilikuwa chini ya chama kimoja. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, waamini na wasioamini. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini baada ya sala, wameshika mishumaa, huku askari wakiwa wamepangwa. Hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Siku tuliyosali sisi, viti vingi vilikuwa vitupu. Hatuwezi kuwaficha hilo. Huku kwetu watu hukaa nje chini ya miti kwa kukosa nafasi. Lakini mama mwenyeji, ambaye mwaka ule wa 1989 alikuwa binti wa shule, alitueleza jinsi mama yake alivyomkataza kutoka nje jioni ile, na jinsi alivyosimama dirishani akiona mishumaa ikipita. Tulijifunza kutopima imani ya watu kwa kuhesabu viti.

Wiki mbili baadaye tulikwenda Dresden kuona Frauenkirche. Kanisa hili lilianguka Februari 1945 baada ya mji kupigwa mabomu na ndege za Uingereza na Marekani. Kwa zaidi ya miaka arobaini lilibaki rundo la mawe. Baada ya nchi kuungana, watu walianza kuchanga ili lijengwe tena, na liliwekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika michango ya watu wa nchi nyingi. Mawe ya zamani ni meusi na mapya ni meupe, hivyo ukuta mzima una madoa, nao wameyaacha yaonekane. Msalaba wa juu ulitengenezwa Uingereza, na fundi mmojawapo, Alan Smith, ni mtoto wa rubani aliyekuwa katika ndege zilizoupiga mji ule.

Swali la mtoto wa darasa la saba

Safari tuliyoifikiria kuliko zote ni ya Berlin. Tulikwenda kwa treni za kawaida tukibadilisha njiani, tumebeba mikate yenye jibini tuliyofungiwa na mama mwenyeji. Katika makumbusho ya elimu ya viumbe amesimama dinosau mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Mifupa yake mingi ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati nchi yetu ilikuwa koloni la Wajerumani. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa kusini, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini.

Tulisimama chini yake tukaangalia juu kama watoto. Tumesoma Jiografia tangu shule ya msingi, lakini mifupa ya kwetu tuliiona kwa mara ya kwanza huko.

Jumatatu tulilileta darasani. Wanafunzi wa darasa la saba walimjua dinosau yule tangu chekechea. Wengi walikuwa hawajui ametoka wapi. Tulichora ramani ubaoni, tukaonyesha Tendaguru, tukaonyesha Lindi, tukawaambia habari za wabebaji. Msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Je, watoto wa Lindi wameshamwona?" Tulijibu kwamba hapana, na kwamba hata sisi tumemwona juzi tu. Darasa lilinyamaza. Kipindi kilichofuata kilikuwa chao zaidi kuliko chetu, kwani walijadiliana kwa Kiingereza, kwa hamu ambayo hatukuwa tumeiona tangu tuanze kufundisha.

Hapo tukapata ujasiri wa kuzungumza na walimu wenzetu juu ya jambo la nyumbani. Leipzig na Kilimanjaro ni majirani wa siku nyingi. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na sharika zetu nyingi zina mizizi katika kazi hiyo. Lakini Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, naye alikuwa mtu wa Leipzig. Alichukua jiwe kileleni akampelekea mfalme wao, na kilele kikaitwa kwa jina la mfalme huyo hadi tulipokipa jina la Uhuru. Tena tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alikitafuta kwa miaka mingi.

Tulidhani wenzetu wangekasirika. Badala yake mwalimu mmoja alisema kwamba Septemba 2023 watafiti wa Berlin, waliochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, walitangaza kwamba kwa vipimo vya DNA wamepata ndugu walio hai Tanzania wa baadhi ya watu wale, wakiwemo wa Kilimanjaro. Na mwingine alikumbusha kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa katika vita vya Majimaji. Tulizungumza mpaka kengele ikagonga. Siku ile tulijiona walimu kati ya walimu. Kabla ya hapo tulikuwa wageni wa kupewa kahawa.

Jibu letu, na maombi matatu

Mzee wetu, uliuliza kama tulikwenda kufundisha au kutembea. Jibu letu ni hili. Mwezi tuliokaa chumbani tulifundisha vibaya, maana tulifundisha Kiingereza cha kitabuni kwa watoto tusiowajua. Tulipoanza kutoka tulijua watoto wale wanatoka wapi, wanakula nini, wazee wao wamepita wapi, nao wakaanza kutuuliza ya kwetu. Kwa Euro 49 kwa mwezi hatukupata darasa lingine lililotufaa zaidi. Tulikosea fedha ya Aprili. Kwa safari zenyewe hatuoni kosa.

Kutokana na hayo tunaleta maombi matatu mbele ya kamati.

La kwanza, wanachuo watakaofuata waulizwe hali ya nyumbani kabla ya kuondoka. Kama kuna ada ya mdogo wake inayodaiwa, ijulikane mapema, itafutiwe njia yake. Mtu asiwekwe mahali pa kuchagua kati ya tiketi na ndugu yake, kwa maana atamchagua ndugu yake, na atadanganya.

La pili, wenzetu wa Ujerumani wanaokuja kufundisha huku, sharika ziwapangie Jumamosi zao. Tumekuwa tukiwaachia kampuni za utalii, wanakwenda Ngorongoro wanarudi na picha za simba. Simba ni wazuri. Lakini wapelekwe pia soko la Mwika, waingie kihambani wakakate majani ya ng'ombe, wafike Old Moshi mahali aliponyongewa Mangi Meli, waketi na mzee awasimulie. Jambo hili halihitaji bajeti. Linahitaji mtu wa kutembea nao na sahani moja zaidi mezani.

La tatu ni la watoto wetu wenyewe. Tangu turudi tumefanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja hapa karibu. Tuliuliza darasa la wanafunzi hamsini na mbili: nani ameshafika lango la Marangu? Mikono mitatu ilinyooshwa. Wanauona mlima kila asubuhi wakifagia uwanja, wanauchora katika madaftari, lakini hawajawahi kuukaribia. Tunaomba kila shule iliyo chini ya mpango wetu iwe na Jumamosi moja ya matembezi kila muhula, si lazima mbali. Wazazi wachange chakula, sharika zitafute gari, nasi wawili tunajitolea kuandaa somo na kuongozana nao bila malipo kwa mwaka mzima wa kwanza.

Ndugu wafadhili, hatuombi taler nyingi. Zile nne za Halle zilitosha kuanzia.

Kuhusu mdogo wa mwenzetu, mama mwenyeji alimwandikia barua, akamwambia asiache chuo. Amemaliza mwaka wake wa kwanza wa useremala. Juzi ametuletea ubao wa kuchorea ramani alioutengeneza mwenyewe, na ndio tutakaoubeba katika safari ya kwanza ya watoto, kama kamati itakubali.